Mwezi uandame vitunguu vikiwa ndani

Sikukuu nyingine zina tarehe. Krismasi ni Desemba 25, na mzazi anayekwenda sokoni usiku wa Desemba 24 hana wa kumlaumu. Idd el Fitri ni habari nyingine. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na hakuna mwenye uhakika hadi jua la siku ya 29 lizame na watu watazame angani. Ukiandama, kesho ni Idd. Usipoandama, kesho ni funga ya 30.

Ndiyo maana jioni ya mwezi 29 Ramadhani nyumba nyingi huwa na sikio moja jikoni na jingine redioni. Tanzania Bara wanasubiri tamko la Mufti kupitia Bakwata, Zanzibar wanasubiri ofisi ya Mufti wao, Kenya wanamsubiri Kadhi Mkuu. Tamko likishatoka, Kariakoo hakupitiki. Tandika, Mbagala, Darajani ya Unguja na Marikiti ya Mombasa ni hivyo hivyo. Kila mtu anatafuta kitunguu, kila mtu ana haraka, na kila muuzaji analijua hilo.

Mama anayegombania kitunguu saa tano usiku ana jibu tayari: mwezi ndio umemchelewesha. Ni kweli, lakini kwa sehemu ndogo. Mwezi unaficha siku moja tu. Tangu Ramadhani inaanza, nyumba nzima ilijua Idd itakuwa ama siku hii ama inayofuata. Na katika vyote vinavyohitajika kwa tambi na kaimati za asubuhi, kisha pilau ya mchana, vinavyolazimika kusubiri tamko ni vichache mno: nyama, maziwa, mkate, na majani ya giligilani ya kuweka kwenye kachumbari. Mchele haujali mwezi. Wala karafuu.

Kinachowapeleka watu sokoni usiku ni mambo mawili mengine, na yote mawili yako ndani ya nyumba.

Hela inapochelewa

La kwanza ni hela. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa mishahara, kwa hiyo Idd inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mshahara wa Machi ukiwa umeanza kuyeyuka. Mwaka 2025 ikawa Machi 31, watu ndiyo kwanza wametoka kulipwa, na wengi walipumua. Mwaka 2026 kalenda zikaisogeza karibu na Machi 20, siku ambazo anayelipwa mwisho wa mwezi anahesabu nauli ya daladala.

Wasio na mshahara nao wana kalenda zao. Fundi cherehani hulipwa sehemu kubwa ya hela yake usiku ule ule wa kuamkia Idd, mteja anapokuja kuchukua nguo. Kumwambia mke wa fundi anunue mchele wiki mbili kabla ni kumtania. Ushauri wa "jiandae mapema" unaotolewa kila mwaka unamfaa mwenye akiba, na mwenye akiba hauhitaji.

Kinachowezekana kwa wengi ni kidogo kidogo. Mama anakwenda gengeni karibu kila siku kutafuta futari, iwe mihogo, viazi vitamu au maharage. Safari hiyo hiyo ikirudi na kitu kimoja cha Idd, hata cha shilingi mia tano, mwezi unakwenda na kopo linajaa. Kumi la kwanza viungo na chumvi. Kumi la pili sukari, tambi, mafuta. Kumi la mwisho mchele, vitunguu, viazi na nazi. Wapo wanawake wanaofanya hivi kwa mchezo wa mtaani: kila mmoja anatoa kiasi kidogo kila wiki kuanzia Rajabu au Shaabani, na Ramadhani ikikaribia kwisha wananunua gunia la mchele kwa pamoja na kugawana. Bei ya gunia na bei ya kupima kilo moja moja dukani kwa Mangi hazifanani hata siku moja.

Kisha kuna baba. Baba wengi, na wengi wao ni watu wema, wana desturi ya kutoa hela ya Idd kwa mkupuo baada ya mwezi kuandama, kana kwamba ni zawadi ya kushtukiza. Anaitoa saa tatu usiku, anaketi kusikiliza kaswida, na saa sita anauliza:

"Mama watoto, mbona hela imekwisha na mafuta hakuna?"

"Baba watoto, hela umenipa saa tatu usiku."

Ugomvi wa usiku huo hauhusu mafuta. Mke amezunguka sokoni saa tatu akiwa amefunga mchana kutwa, mume anaona ametoa kiasi kikubwa kuliko mwaka jana, na wote wawili wana haki. Hela ile ile ingegawanywa, nusu mwezi 20 na nusu mwezi 29, ingenunua zaidi na isingemgombanisha mtu. Baba asiye na nusu mwezi 20 anaweza kutoa robo. Jambo la msingi ni mama kuambiwa mapema kiasi kitakachokuwapo, kwa sababu hawezi kupanga kwa hela asiyoijua. Ajue pia nguo na viatu vya watoto vinakatwa kwenye fungu hilo hilo au lingine. Hapo ndipo pilau za nyumba nyingi zinapopoteza nyama.

Orodha iliyo kichwani

La pili ni orodha. Katika nyumba nyingi haiko popote isipokuwa kichwani mwa mama. Akichoka, nayo inachoka. Matokeo yake ni dada wa kazi kutumwa gengeni mara nne kwa usiku mmoja, au kijana wa bodaboda kulipwa elfu mbili kwenda kuleta hamira.

Vitu vinavyosahaulika ni vile vya bei ndogo. Hakuna anayesahau nyama. Wanasahau chumvi, kiberiti, iliki, ndimu, mifuko ya kufungia chakula cha bibi. Dawa yake ni mtoto. Mtoto wa darasa la nne au la tano ana macho mazuri, anajua kuandika na hana la kufanya baada ya kutoka madrasa. Apewe daftari, afungue kila kopo jikoni, atikise kila chupa, aandike kilichopo na kisichopo. Mama awe pembeni anapika futari na kumsemesha. Orodha hiyo ikapigwe picha na kutumwa kwa baba. Baba aliyeiona orodha kwa macho yake haulizi saa sita usiku.

Kwenye orodha hiyo, hamira ijaribiwe. Iliyokaa tangu Idd iliyopita inaweza kuwa imekufa, na anayeligundua hilo usiku wa Idd analigundua akiwa ameshasaga mchele na kukuna nazi za mkate wa sinia. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo kinatosha. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi, itupwe.

Gesi nayo ihesabiwe, maana ndiyo inayoabisha. Mtungi hauishi Jumanne isiyo na wageni. Unaisha pilau ikiwa imeshatiwa maji. Njia ya kujua kilichobaki ni rahisi: mimina maji ya moto ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kuanzia juu kwenda chini. Penye gesi panabaki baridi, patupu panashika joto. Ikiwa baridi iko vidole viwili tu kutoka chini, mkaa ununuliwe kabla ya mwezi 29.

Kingoje nini, kisingoje nini

Viungo vya pilau ni bora vinunuliwe vikiwa vizima: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, binzari nyembamba. Vizima hukaa miezi bila kupoteza harufu, na mtu anakiona anachonunua. Kifuko cha viungo vilivyosagwa hakionyeshi kilichomo, na harufu yake huisha upesi. Kuvitwanga ni kazi ya nusu saa kwa watoto wanaogombania mchi.

Vitunguu maji vikavu, vyenye ganda linalochakarika, hukaa wiki kadhaa mahali penye hewa. Viazi mbatata vikae gizani, mbali na vitunguu, maana vikikaa pamoja vinaharibiana. Nazi ambayo haijavunjwa inasubiri bila shida. Itikiswe kwanza, isiyo na sauti ya maji iachwe hapo hapo. Tangawizi na vitunguu saumu havina haraka. Nyanya zinunuliwe siku tatu kabla, zikiwa ndiyo zinaanza kuwiva, ziivie nyumbani.

Anayevinunua hivi usiku wa mwisho hapunjwi kwa bei peke yake. Muuzaji mwerevu wa genge hapandishi bei mbele ya wateja wake wa kila siku, anapunguza fungu. Fungu la vitunguu sita linakuwa la vinne, na kile cha juu kinachong'aa kimekalia viwili vilivyoanza kuota. Chini ya taa ya genge nyanya iliyopondeka na iliyo nzima zinafanana. Mtu akilazimika kununua usiku huo, anunue kwa kilo, aone mizani ikisimama, na achague mwenyewe kwa mkono.

Saa ya kwenda ina maana kuliko siku. Anayeweza kufika Ilala au Mabibo asubuhi mapema, hata siku ya mwezi 29 yenyewe, anakuta mzigo ungali mwingi na wauzaji wangali na subira. Alasiri watu wamefunga, jua limewachoma, na hakuna anayemjazia mwenzake.

Kiasi nacho kiamuliwe nyumbani. Kilo moja ya mchele inawatosha watu wazima watano au sita wanaokula kwa nafasi. Nyumba inayotarajia watu 12 inahitaji kilo mbili na kidogo, lakini usiku wa hofu mtu ananunua tano. Pilau inayobaki si hasara ya hela tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar es Salaam ushauri huo si wa kupuuzwa. Wapo bakteria katika mchele ambao mbegu zao haziuawi na kupikwa. Wali ukikaa nje wanazaliana na kutoa sumu ambayo kupashwa moto hakuiondoi. Watoto wanaoumwa tumbo siku ya Idd mosi usiku hawakuumwa na peremende peke yake.

Nyama ndiyo inayongoja mwezi kwa haki. Bucha za mtaani usiku huo zina foleni hadi barabarani, na wa mwisho hupata mifupa. Njia ya wajuzi ni kwenda buchani siku mbili kabla, mchana, na kuzungumza kama watu wanaofahamiana: kilo tatu, mguu wa nyuma, hiki hapa kianzio, mwezi ukiandama mtu atafuata alfajiri, usipoandama atafuata keshokutwa. Mwenye bucha anapenda oda ya namna hiyo kwa sababu inamsaidia kujua achukue mzigo kiasi gani. Nyama ya alfajiri inatosha kabisa kwa pilau ya saa saba.

Aliyeinunua usiku aiweke kwenye friji mara moja, ikiwa imegawanywa vipande vidogo ili ipoe haraka. Asiye na friji amwombe jirani nafasi, na aombe mapema, maana usiku huo friji za mtaa mzima zina wenyewe. Kuchemsha nyama na chumvi na tangawizi kisha kuiacha sufuriani hadi asubuhi ni desturi ya siku nyingi, lakini saa nane katika joto ni nyingi mno.

Au anunuliwe kuku. Kuku hai ndiye nyama pekee inayosubiri mwezi bila friji. Anafungwa mguu uani, anakula pumba, na tamko likisogeza Idd mbele kwa siku moja, yeye ndiye wa kwanza kushukuru.

Kuna familia ambazo maandalizi yao ni ya mara mbili, na hizi zinahitaji pole kidogo. Upande mmoja unafuata mwezi ulioonekana nchini, upande mwingine unafuata ulioonekana popote duniani, na Idd zinapishana kwa siku moja. Bibi anaswali leo, mkwe anaswali kesho, na pilau inapikwa nyumba zote mbili. Zinazoelewana hugawana: leo kwa bibi mchana, kesho kwa mkwe, na wajukuu wanahesabu Idd mbili bila kumuuliza mtu swali.

Wajukuu hao hao wasichukuliwe sokoni usiku. Mtoto wa miaka minne anafika kiunoni mwa watu wazima, na Kariakoo ya usiku wa Idd ina mikokoteni, pikipiki na watu wenye mizigo kichwani wasiotazama chini. Ikibidi, namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye karatasi mfukoni mwake, na aambiwe kabla ya kushuka kwenye daladala kwamba akipotea asimame pale pale alipo, asitafute. Afadhali zaidi abaki na shangazi akikunja visheti.

Mchele wa mlango wa pili

Imebaki hesabu moja, ambayo wengi huiunganisha na manunuzi ya usiku ule. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula, ambayo watu wengi huihesabu kama kilo mbili na nusu, kwa kila kichwa cha nyumba, mtoto mchanga akiwemo. Baba, mama na watoto wanne ni kilo 15. Mtoto wa daftari anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, na ni vizuri aipige, ajue kwamba naye ana fungu lake linalotoka. Kilo hizo 15 zikingoja usiku wa mwisho, nyumba inanunua mchele wa kutoa kwa bei ya juu na kuubeba gizani.

Zinatakiwa ziwe zimetoka kabla ya swala ya Idd. Lakini si lazima zitoke alfajiri ile. Masahaba walikuwa wakizitoa siku moja au mbili kabla, na wanazuoni wengi wanaliruhusu hilo.

Na hapo inafaa kumfikiria anayepokea. Ni mama wa nyumba ya uani, anafua nguo za watu, ana watoto watatu. Mchele ukimfikia saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Idd, watu wakiwa njiani kwenda kuswali, anaupokea na kushukuru. Lakini usiku uliopita alishakwenda dukani akakopa kilo mbili, kwa sababu hakujua kama kuna atakayemkumbuka. Hela ya nyama iliishia kwenye mchele. Sasa ana mchele wa wiki tatu na hana kitoweo.

Ukimfikia mwezi 28, mchana, jikoni kwake kunabadilika. Mchele upo. Ile elfu kumi ya kufulia anakwenda nayo buchani kabla foleni haijaanza, anaweka kianzio cha kilo moja, anapita gengeni kuchukua vitunguu na viazi, na usiku mwezi unapoandama yuko ndani, anawasuka watoto nywele.